Uandishi Vyuoni Unahitaji Msomaji

Hotuba kwa warsha ya walimu wa stadi za mawasiliano

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wakutubi, na ninyi wanafunzi mliokubali kuketi na walimu wenu siku ya Jumamosi,

Nimeombwa nieleze kwa nini idara yetu imeacha kuwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza insha za aina ya "Jadili umuhimu wa mawasiliano katika jamii", na badala yake inawatuma nje ya darasa wakaandike vitu ambavyo watu watavitumia. Jibu langu ni fupi, ingawa maelezo yake yatachukua muda. Mwanafunzi anayetufikia akiwa anaandika vibaya hana tatizo la sarufi peke yake. Tangu shule ya msingi hadi anapoingia chuoni, karibu kila alichoandika kilisomwa na mtu ambaye alikwisha kukijua, na hakuna hata mara moja alipomwandikia mtu asiyejua jambo na anayetaka kulijua ili afanye kazi yake.

Hali hiyo si yetu sisi tu. Mwaka 1975 James Britton na wenzake wa London walichapisha utafiti uliokusanya takriban maandishi 2000 ya wanafunzi wa shule za Uingereza, wa umri wa miaka 11 hadi 18, katika masomo mbalimbali, wakajiuliza kila andiko liliandikwa kwa ajili ya nani. Karibu nusu ya maandishi hayo yaliandikwa kwa mwalimu akiwa mtahini, na yale yaliyomlenga msomaji wa nje ya shule yalikuwa machache mno. Sidhani kama hesabu ya namna hiyo ikifanywa kwenye madaftari ya shule zetu itatupa sura ya kufurahisha zaidi.

Sasa mtazameni huyo mtahini, maana ni msomaji wa ajabu. Anajua tayari anachoambiwa. Hawezi kuacha kusoma katikati, kwa kuwa analipwa asome mpaka mwisho. Akishamaliza, hafanyi lolote kwa kile alichokisoma isipokuwa kuandika namba pembeni. Mwanafunzi aliyelelewa na msomaji huyo kwa miaka mingi hujifunza tabia zinazomfaa msomaji huyo: hufungua kila andiko kwa fasili, huweka "kwa mujibu wa wataalamu mbalimbali" bila kumtaja mtaalamu hata mmoja, hurefusha pale asipojua na kufupisha pale anapojua, na hamalizi bila aya inayorudia yote aliyokwisha kusema. Hayo si makosa ya uvivu. Ni ustadi kamili, ila ni ustadi wa kumwandikia mtu asiyehitaji kuandikiwa. Ndiyo maana biashara ya kazi za kununua inastawi katika steshenari zinazozunguka vyuo vyetu, na ndiyo maana programu za akili mnemba zimeipokea kazi hiyo kwa urahisi namna ile: andiko lisilo na msomaji linaweza kuandikwa na yeyote.

Wapo watakaosema kwamba kumfikiria msomaji ni mtindo mpya ulioletwa na miradi ya wafadhili. Katika lugha hii, jambo hilo ni la zamani sana. Mwana Kupona binti Msham, katika karne ya 19, alitunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake, na mwanzoni kabisa anamwita asogee, alete wino na karatasi. Tunaweza kutokubaliana na mengi anayomwusia binti huyo, lakini hakuna ubeti unaotuacha tukijiuliza anasema na nani.

Mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi, hata hivyo, ni wa nathari, tena nathari isiyo na mapambo. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowafikia takriban watu milioni 2 katika vikundi vilivyokutana kwa wiki 12 kujifunza kuhusu malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Kabla yake zilikuwapo kampeni ndogo, ile ya uchaguzi ya mwaka 1970 na ile ya mwaka 1971 ya kuadhimisha miaka 10 ya Uhuru, ambazo ziliwapa waandaaji nafasi ya kuona ni namna gani ya kuandika inafanya kazi katika kikundi na ni ipi inayolala. Utaratibu ulikuwa huu: kikundi kilisikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kisha mmoja anayejua kusoma akawasomea wenzake sehemu ya kitabu kwa sauti, wakajadili, wakaamua la kufanya, wakaenda kulifanya. Vyoo vilichimbwa na madimbwi yakafukiwa.

Fikirini maana yake kwa mtu aliyepewa kazi ya kuandika kitabu kile. Wengi wa wasomaji wake hawakuwa wasomaji. Walikuwa wasikilizaji wa sauti ya jirani, ambaye huenda naye alijifunza kusoma ukubwani na alikuwa akitafuta silabi kwa kidole. Sentensi haikuweza kuwa ndefu kuliko pumzi ya jirani huyo. Maneno kama "rejea jedwali lililotangulia" hayakuwa na kazi, kwa sababu anayesikiliza hawezi kurudisha ukurasa nyuma. Kila sehemu ilipaswa kuishia mahali ambapo watu wangeweza kubishana, kwa kuwa baada ya kusoma ndipo mazungumzo yalipoanza. Na kosa la mwandishi lingeonekana kijijini, kwenye shimo lililochimbwa karibu mno na kisima, wala si kwenye daftari. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba huo ndio uandishi mgumu kuliko wote, na wengi hawaniamini mpaka wajaribu wenyewe.

Niwaeleze basi jinsi wanavyojaribu. Katika miradi tunayoitoa, ninaoupenda zaidi ni wa sumukuvu, kwa sababu mada yake ina sayansi ya kutosha kumtisha mwanafunzi na uzito wa kutosha kumzuia asifanye mzaha. Mnakumbuka kwamba mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumukuvu. Sumu hii hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa na kutunzwa vizuri. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Mwanafunzi anatakiwa aandike ukurasa mmoja, mmoja tu, kwa mkulima anayekaribia kuhifadhi mahindi ya chakula cha familia.

Rasimu ya kwanza karibu kila mwaka ni ileile. Inaanza kwa jina la Kilatini la kuvu, inapita kwenye athari kwa ini, kisha inafika kwenye agizo: mkulima ahakikishe unyevu wa mahindi hauzidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhi. Hakuna uongo hapo. Kiwango hicho ndicho kinachotumika katika Afrika Mashariki, na mtahini angempa mwanafunzi alama zote. Kisha tunaipeleka rasimu kwa mtu mwenye magunia ya mahindi uani, anaisoma au anasomewa, anauliza swali moja: "Nitajuaje kama yamefika hapo?"

Mwanafunzi hana jibu, kwa kuwa chanzo chake hakikumlazimu kuwa nalo. Kipima unyevu kinauzwa, lakini kaya ya kawaida hainacho. Hapo ndipo kozi inapoanza kwa kweli. Wanarudi maktaba wakiwa na swali lao wenyewe, wanaulizana na maafisa ugani, na hatimaye wanakutana na njia ya chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chumvi kavu kidogo, tia mahindi, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi. Isiponata, yamekaribia.

Wangeweza kuyanakili maelezo hayo na kwenda zao. Sisi hatuwaruhusu kuandika hatua yoyote wasiyoifanya kwa mikono yao, na sharti hilo, dogo kama linavyoonekana, ndilo linalobadilisha maandishi kuliko mihadhara yangu yote. Wanaleta chupa darasani, na papo hapo mambo yasiyokuwamo kwenye maelezo yanajitokeza. Chupa iliyooshwa asubuhi haijakauka ndani hata kama inang'aa nje. Chumvi ya dukani, hasa huku kwetu pwani, imekwisha kunyonya unyevu wa hewa kabla haijagusa punje hata moja, kwa hiyo inanata hata na mahindi makavu; lazima ianikwe au ikaushwe kwanza. "Kidogo" ni kiasi gani? "Dakika kadhaa" ni ngapi, kwa mtu asiye na saa? Kila swali linazaa sentensi, na kila sentensi inayozaliwa hivyo ina kazi. Sijawahi kumwona mwanafunzi akiongeza maneno ya kujaza ukurasa baada ya kupita hapo, kwa sababu sasa anagombania nafasi.

Linabaki suala zito zaidi, ambalo wanafunzi wazuri huligundua wenyewe. Njia ya chumvi hukadiria unyevu wa takriban asilimia 15, wakati kiwango ni 13.5. Je, umwambie mkulima? Ukimweleza hesabu yote, huenda asiifuate. Ukinyamaza, umemwacha aamini kwamba chumvi isiyonata ni cheti cha usalama. Semina zimepamba moto juu ya sentensi hii moja kuliko mada yoyote ya nadharia ninayoikumbuka. Wengine huishia kuandika kwamba chumvi ikiacha kunata, mahindi yaendelee kuanikwa juu ya turubai kwenye jua kali kabla ya kutiwa kwenye magunia, kwa kuwa kipimo hiki huonyesha mahindi mabichi vizuri zaidi kuliko kinavyothibitisha mahindi makavu. Wengine hawaridhiki na hilo. Mimi nafurahi wanapobishana, kwa sababu wanabishana juu ya msomaji atakachokifanya kesho.

Na msomaji naye ana maswali ambayo hakuna mhadhiri angeyatabiri. Mwanafunzi anaandika kwamba punje zilizooza na kubadilika rangi zichambuliwe na kutupwa. Mwenye mahindi anauliza kama anaweza kuwapa kuku, maana kwake hakuna kitu kinachotupwa. Hapana, asiwape, kwa sababu sumu hiyo hudhuru kuku pia. Lakini mwandishi asiyejua kwamba swali hilo litaulizwa ameandika "zitupwe" na kudhani amemaliza.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia tulipoanza, nayo inagusa lugha ya kufundishia. Vyanzo karibu vyote vya mada hii wanafunzi wanavisoma kwa Kiingereza, na insha zao za Kiingereza hujengwa kwa vipande vya vyanzo hivyo, vikibadilishwa neno hapa na pale. Anapotakiwa kumweleza mkulima kwa Kiswahili, vipande havimsaidii tena. Ama ameelewa kinachotokea ndani ya punje ya mahindi, ama hakuelewa, na ukurasa wake unasema ukweli huo bila huruma. Wenzetu wa kitivo cha sayansi, ambao mwanzoni walidhani tunawapotezea wanafunzi muda, sasa hutuuliza nani ameandika ukurasa mzuri, kwa sababu wanaona ni yuleyule atakayejieleza vizuri maabara.

Mradi wa pili nitaupitia kwa haraka zaidi. Kama mjuavyo, halmashauri za Tanzania Bara hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba kinahitaji karatasi: katiba, muhtasari wa kikao, andiko la mradi. Vikundi vingi vina biashara nzuri na karatasi mbaya. Wanafunzi wetu hukaa na kikundi, wakauliza gharama za mafuta ya kupikia samaki, bei ya jumla na ya rejareja, siku ambazo soko hulala, kisha wakasaidia kuandika.

Ugumu wa andiko hili ni kwamba lina wasomaji wawili wasiofanana. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anataka namba zinazojumlika na marejesho yanayowezekana, na ana mafaili mengi mezani. Wanakikundi wanataka andiko ambalo ni lao. Mwanafunzi akishika kalamu peke yake, atamfurahisha afisa kwa Kiswahili cha ofisini ambacho mwenyekiti wa kikundi hawezi kukitetea akiulizwa. Kwa hiyo kipimo chetu ni kwamba mwenyekiti asome andiko kwa sauti na kueleza kila aya bila mwanafunzi kumsaidia. Akikwama, aya hiyo inaandikwa upya, hata kama mimi naiona nzuri.

Hapa niseme neno la tahadhari, na naomba lichukuliwe kwa uzito. Kikundi cha kina mama wakaanga samaki si maabara yetu. Jamii zinazoishi karibu na vyuo zimechoka kuhojiwa na watu wanaoondoka na majibu na wasirudi. Hatuanzi mradi wowote kabla hatujakubaliana na wahusika watabaki na nini mkononi, na hakuna andiko linalotoka nje likiwa na jina la kikundi kabla mwalimu hajalisoma na kukagua namba zake, kwa sababu mwanafunzi akikosea hesabu anapoteza alama, lakini kikundi kinapoteza mwaka. Mwalimu asiyekuwa na muda wa kukagua asitoe mradi huu. Atoe wa chupa na chumvi, au wa ndani ya chuo.

Najua swali lililo vichwani mwenu: haya yanawezekanaje kwenye ukumbi wenye mamia ya wanafunzi na mwalimu mmoja? Yanawezekana kwa sehemu. Hatuwezi kumpeleka kila mwanafunzi kijijini, na hatujaribu. Tunagawa darasa katika vikundi vidogo vya semina; kila kikundi kina msomaji mmoja wa nje anayekubali kusoma rasimu mara mbili katika muhula, na katikati wanasomeana wao kwa wao kwa kanuni moja: mwandishi anyamaze. Msomaji anasoma, au anafuata maelekezo kwa vitendo, na mwandishi anaandika mahali msomaji alipositasita, aliporudi nyuma, alipofanya kinyume. Haruhusiwi kusema "nilikuwa namaanisha". Kwa wanafunzi wetu, waliozoea kujitetea mbele ya mwalimu, kunyamaza huku ni kugumu kuliko kuandika kwenyewe. Mzigo wangu wa kusahihisha umepungua, kwa sababu rasimu zinazonifikia zimekwisha kusumbuliwa na watu wengine, na wino wangu mwekundu unabaki kwa mambo ambayo msomaji wa kawaida hawezi kuyaona, kama vile chanzo kilichonukuliwa visivyo.

Katika alama 40 za tathmini endelevu, nusu tunazitoa kwa safari kati ya rasimu ya kwanza na ya mwisho, zikiambatanishwa na kumbukumbu za usomaji. Mwanafunzi anaweza kununua nakala safi steshenari, au kuiomba kwenye programu. Hawezi kununua kumbukumbu za mama fulani kuuliza habari za kuku, na akizibuni, wenzake wa semina waliokuwapo watajua.

Wapo wenzangu wanaohofu kwamba mwanafunzi aliyezoea kumwandikia mkulima atashindwa kuandika tasnifu. Naiheshimu hofu hiyo, lakini naona inamsahau msomaji wa tasnifu. Mtahini wa nje ni mgeni. Hakuwa nyanjani, hajui kijiji, anataka kujua kwa nini uliwahoji hawa na si wale. Mhakiki wa jarida ni mgeni zaidi, na yeye, tofauti na mwalimu wa mwaka wa kwanza, ana ruhusa ya kuacha kusoma. Sura ya mapitio ya machapisho inayoorodhesha tafiti moja baada ya nyingine bila kumwambia msomaji zinahusianaje imeandikwa na mtu aliyekuwa akimthibitishia mwalimu kwamba amesoma. Ni ugonjwa uleule wa fasili za kwenye kamusi, umekua tu.

Kuhusu mtihani wa mwisho, ambao kanuni za chuo zinatulazimu kuutoa, tumebadilisha swali. Hatumwambii mtahiniwa aeleze sifa za uandishi bora. Tunampa tangazo halisi lililoandikwa vibaya, tunamweleza ni nani atakayelisoma na katika hali gani, kisha tunamtaka aliandike upya na atetee mabadiliko matatu aliyoyafanya. Matangazo ya namna hiyo hayana uhaba. Tungeweza kuyatafuta mbali, lakini nadhani heshima inatutaka tuanzie nyumbani: maelekezo ya kujiunga ambayo vyuo vyetu huwatumia wanafunzi wapya yana kurasa nyingi, yanaanza na historia ya chuo, na namba ya malipo ya ada inapatikana karibu na mwisho, kati ya orodha ya vifaa na onyo kuhusu mavazi. Msomaji wake ni kijana aliyemaliza kidato cha sita, mara nyingi wa kwanza katika ukoo wake kwenda chuo, na mzazi anayesoma juu ya bega lake akitafuta kiasi cha fedha na tarehe. Kwa muhula ujao tumeiomba ofisi ya usajili itukabidhi maelekezo hayo yawe mradi wa mwaka wa kwanza. Wanafunzi hao waliyapokea miezi michache iliyopita, wanakumbuka walipokwama, na wasomaji wao wapya watafika Oktoba.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali.